Samaki wa Juu ya Jiwe

Juzi mke wa mwanangu alikuja na samaki wa kununua, amefungwa kwenye plastiki, vipande vyeupe kama pamba, havina ngozi wala mwiba. Nikamuuliza, "Kichwa kiko wapi?" Akacheka. "Mama, hawa huuzwa hivi hivi. Kichwa utakifanyia nini?" Nikamwambia samaki nisiyemwona kichwa mimi simli. Akanuna, akadhani naudharau upishi wake, na upishi wake ni mzuri wallahi, ila chumvi tu ndiyo hana mkono nayo. Sikumweleza. Nakueleza wewe, mwenzangu, kwa sababu wewe huninunii.

Mimi nimekulia Likoni, huko nyuma ya Bofu, maji yanakoingia ndani mikokoni. Siku hizo nyumba zilikuwa moja hapa, nyingine kule, na katikati mihogo. Yetu ilikuwa ya udongo na makuti. Tulikaa na nyanya, mama yake baba, sisi watoto watatu: dada yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume ambaye hata meno hayajamalizika kuota. Baba alikuwa amekufa, na mama alikuwa ameolewa kwingine. Hayo ni marefu, tuyaache. Nyanya alisuka makuti ya kuuza mpaka vidole vikawa vigumu kama kwato. Nikifumba macho hata leo nasikia harufu ya matope maji yakipwa, na moshi wa makumbi ya nazi, na dada akikuna nazi kwenye mbuzi, kwaru kwaru, huku akiimba puani.

Pale ufukoni palikuwa na mwamba wa watu wa mshipi. Si watu wa nyavu, si wa mashua. Mtu na mshipi wake na ndoana na kapu. Nyanya akitania kwamba adabu za mwambani ni nyingi kuliko za msikitini. Mshipi wa mtu hauvukwi, unazunguka nyuma yake hata kama huko nyuma chaza watakukata nyayo. Mwenzako akishika mzito, nyote mnavuta mishipi yenu juu asitatizike, na hakuna wa kunung'unika. Samaki haachwi kutapatapa juani, hugongwa kichwani mara moja na kulazwa chini ya mwani uliolowa. Mdogo hurudishwa, na kabla hujamshika unalowesha mikono, maana mkono mkavu humvua ule utelezi wake, akaenda kuoza majini yu hai. Na kubwa kuliko yote, huchungulii kapu la mwenzako. Kapu la mtu ni kama chumba chake cha kulala.

Kisha palikuwa na jiwe. Jiwe bapa, juu kidogo ya pale maji yanapokomea. Aliyejaaliwa siku hiyo, kabla ya kwenda zake, aliacha samaki mmoja juu ya jiwe, amefunikwa jani la mgomba. Na hakuachwa hivi hivi. Aliparwa magamba, akatolewa matumbo na kichwa, akasuuzwa, kwa sababu kumpa mtu samaki mchafu ni kumpa kazi, na anayepokea tayari ana kazi ya kupokea. Wenye mishipi wakishaondoka ndipo wasio na kitu huja. Hawaulizi ni wa nani, na aliyeacha hageuki nyuma kuangalia nani amechukua. Hivyo ndivyo tulivyokula sisi, na nyanya akipita njiani akiwaamkia wavuvi wote kichwa juu, maana hakujua yupi amemlisha, wala hakuna aliyejua amemlisha nani.

Mwaka huo alikuja mgeni mwambani. Kijana wa bara, si bara ya Nairobi, bara yetu hii ya nyuma ya Mariakani, kibarua wa magunia bandarini. Siku ya kwanza aliruka mshipi wa mzee mmoja tuliyekuwa tukimwita ami, ingawa si kwa damu, ndiye aliyekuwa kama imamu wa mwamba ule.

"Wewe bwana!" ami akapiga ukelele. "Mshipi wangu ni mtaro wa kurukwa? Rudi ulikotoka, uje upya!"

Na yule kijana kweli akarudi, mpaka kule mikokoni, akaja upya anabisha hodi kama mwambani pana mlango. Watu walicheka mpaka chambo kikawaponyoka. Lakini tangu siku hiyo hapakuwa na mwenye adabu kumshinda. Alilowesha mikono kuliko wote. Na samaki wa jiweni yeye hakuacha mdogo. Aliacha yule aliyekuwa bora kwenye kapu, yeye akaenda zake na vidagaa.

Sasa dada yangu alikuwa na tabia moja, kudokoa. Akipika yeye, mpaka sinia liwekwe chini nusu ya mboga imeshapita kooni mwake. Nyanya akimwambia, "Wewe utaolewa wapi? Mume atakuta mchuzi tu, samaki amesharudi baharini!" Dada anacheka mdomo umejaa.

Siku hiyo nyanya alirudi kutoka jiweni mchana na samaki mnene, hana ngozi, mweupe, ameoshwa hata damu huioni. "Huyu aliyemsafisha ana mkono," akasema. Dada akamtia nazi na ukwaju, akasonga sima. Nyanya akaingia kuswali adhuhuri, na bila yeye hatukuanza kula. Mimi nilikuwa nimempakata mdogo wangu kizingitini. Dada akadokoa kipande, akadokoa na cha pili, akanikonyezea jicho.

Nyanya hajatoa salamu ya mwisho, dada akacheka cheko la ajabu. Akasema midomo yake imelala. Akasema ulimi kama si wake. Akajishika vidole, akaniambia, "Nifinye." Nikamfinya. "Finya kwa nguvu!" Nilikuwa nimefinya mpaka ukucha umeingia. Alipotaka kusimama miguu ikakataa. Nyanya akatupa mkeka, akafukiza ubani, akadhani ni upepo mbaya. Majirani walipokuja na kitanda kumbeba kumpeleka barabarani, dada alikuwa hawezi kusema wala kugeuza shingo, lakini macho yake yalikuwa yanatuona. Hilo ndilo sijaweza kulisahau. Alituona mpaka pumzi ikamwisha, barabara bado hatujaifikia.

Ami ndiye aliyeingia jikoni akafunua chungu. Akaushika uti wa mgongo, akaugeuza, akaurudisha. "Bunju," akasema. Basi. Bunju, samaki wa sumu anayejivimbisha tumbo kama mpira, mtoto wa kwetu yeyote angemtambua kwa ngozi yake na kwa kichwa chake, na hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vimetolewa kwa heshima. Akakichukua chungu na sima yetu, akaenda kuvifukia mbali na mbwa.

Tulimzika dada siku ya pili asubuhi. Baada ya maziko wanaume walikaa uani kwenye mikeka, na yule kijana wa bara akaja kutupa pole, kama watu wote wa mwambani. Alikuwa hajasikia ni ugonjwa gani. Nyumba aliijua kuwa ya msiba, hakuijua kuwa ya jiwe. Na katika yale mazungumzo ya kupitisha muda, mimi nimekaa mlangoni nasikia, akamuuliza ami taratibu:

"Mzee, yule wangu wa jana alipata mtu? Mkubwa kweli, tumbo limejaa, nikadhani ana mayai. Ngozi ilinisumbua, ngumu kama msasa, lakini nikamchuna yote."

Kisha vijana wa mtaa wakasimama. "Kumbe ni wewe!" Mmoja akamkamata shingo, mwingine akaokota mchi. Yeye akawa anauliza tu, "Nimefanya nini? Niambieni nimefanya nini?"

Nyanya akatoka kwa wanawake, kanga kichwani.

"Nani alikaa karibu naye jana mwambani?" akauliza.

Ami, aliyezoea kumwita nyanya dada, akasema, "Mimi, dada."

"Na hukuona?"

Ami akainama. "Niliona mkia kwenye kapu. Nikageuza uso. Kapu la mtu, dada."

"Basi mpigeni na huyu," nyanya akawaambia vijana. "Mkimaliza njooni kwangu, mimi nilichukua na sikuuliza."

Mikono ikashuka. Usidhani nyanya alimsamehe. Alimtazama yule kijana, akamwambia, "Nenda. Sikulaani, lakini uso wako siuwezi." Akaenda, analia waziwazi kama mtoto, na Likoni hakuonekana tena.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Yangeishia hapo, mimi nisingekuwa na la kukusumbua. Lakini tangu siku hiyo jiwe likawa kavu. Hakuna aliyetoa tangazo. Kila mtu alibeba samaki wake akaenda naye kwake. Ami akaja mlangoni kwetu na samaki wawili aina ya changu, wana vichwa na magamba yao.

"Rudi nao jiweni," nyanya akamwambia.

"Jiweni siwezi tena, dada. Chukua hapa."

"Hapa nitakuwa nakuombaomba, ami. Kesho nitakuamkia vipi?"

"Watoto wana njaa."

"Najua watoto wana njaa. Ni wangu."

Akasimama na samaki mkononi, nzi wanamzunguka, mwishowe akaondoka nao. Walikuwa wakiheshimiana sana wale wawili. Sisi tukala muhogo mkavu, tukala mchicha wa pori, na mdogo wangu akawa anabadilika rangi ya nywele. Mvua zilipoanza mimi nikatolewa shule, darasa la tatu, nikatafutiwa nyumba ng'ambo ya feri, mjini, ya kufua na kulea, ili nyumbani lipungue tumbo moja.

Leo ukienda pale utakuta vijana wana fimbo za kuvulia za dukani, nzuri, wanarukiana mishipi na kutukanana, samaki wanatapatapa juani wakipigwa picha. Siwalaumu. Hakuna aliyebaki wa kuwaambia warudi waje upya. Ami alikufa, nyanya alikufa, na mdogo wangu aliwatangulia wote wawili.

Jambo moja nilisahau kukwambia. Wapokeaji nao walikuwa na kazi yao: kuliosha jiwe, lisinuke, samaki wa kesho asilazwe pachafu. Asubuhi niliyochukuliwa nilipitishwa ufukoni kuaga. Nyanya alikuwa amepiga magoti, analisugua jiwe kwa mchanga na makumbi, analimwagia maji, anasugua tena. Lilikuwa halijalaliwa na samaki miezi. Nikamwita. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Nenda, mwanangu, usichelewe. Mimi bado sijamaliza."