Karanga za Maktaba

Mchana huu mtoto amerudisha kitabu mezani kwangu hapa maktabani, na nilipokifungua kikanukia karanga za kukaanga. Nilikifunga taratibu.

Bibi yangu hakujua kusoma. Kitabu changu cha kwanza kutoka maktaba ya Songea mjini nilimsomea jikoni, na kila nilipokwama kwenye neno, aliacha kusonga ugali akanisubiri.

Siku ya kukirudisha alikaanga karanga, akajaza kikapu, akakilaza kitabu juu yake.

"Bibi, maktaba hawataki chakula."

"Chombo cha watu hakirudi kitupu," akanijibu. "Wataona sikufundwa."

Mama wa maktaba alimwamkia bibi, kisha akakitazama kikapu. Ukutani paliandikwa ni marufuku kuingia na chakula, na maandishi yale nilikuwa nimeyasoma mara tatu. Nikainamisha kichwa, nikijua kadi yangu itachukuliwa. Bibi akakisogeza kikapu mbele.

Yule mama akakipangusa kitabu kwa kiganja, akachukua kikapu, akaingia nacho chumba cha nyuma. Alipotoka, ndani ya kikapu mlikuwa na vitabu viwili.

"Bibi, hata kwetu chombo hakirudi kitupu."

Bibi alicheka huku kajiziba mdomo kwa pindo la kanga.

Kwenye basi la kurudi kijijini kwetu Maposeni alikipakata kikapu njia nzima. Tuliposhuka niliomba nimpokee. Alikataa, akasema nitavimwaga.