Mafaili ya Kabati la Chini

Shangazi yangu ametunza mafaili ya kliniki ya saratani ya damu miaka kumi na tisa. Ukimwambia kompyuta inakuja kumpumzisha, atakuuliza kama inajua kuchemsha chai. Cheo hana, ana funguo.

Na ana mtindo wake. Wagonjwa wanaokuja kila wiki, mafaili yao hukaa rafu ya juu, karibu na mkono. Wanaoendelea vizuri huja mara mbili tu kwa mwaka, basi yao huyashusha kabati la chini, nyuma ya ndoo ya deki. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye si mtu wa kujieleza.

Mwaka jana akaja daktari kijana na utafiti wake: vidonge wanavyomeza wagonjwa hapa kwetu vinawasaidia kweli, au vinasaidia vitabuni tu? Majibu yangeamua kama hospitali itaendelea kuviagiza. Baba yangu, kaka yake shangazi, anavimeza mwaka wa saba sasa. Nyumbani tulingoja roho mkononi.

Baada ya wiki tatu daktari akasema, "Mama, havisaidii sana. Karibu wote hali zao mbaya."

Shangazi akakaa. Kisha akauliza, "Faili la fundi viatu umeliona?"

"Fundi viatu yupi?"

"Kaka yangu! Kwani mafaili umetoa wapi?"

"Rafuni, Mama. Yote."

"Yote wapi! Hao ndio waliozidiwa. Wazima wako chini!"

Akasukuma ndoo, akafungua kabati. Mafaili mia mbili na kumi na manne, na mende mmoja. Daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Kosa lilikuwa la shangazi, naye alilikubali kwa namna yake: aliilaumu ndoo.

Wakahesabu upya, juu na chini pamoja, na vidonge vikabaki. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Siku ya kliniki ya baba, shangazi akanyoosha mkono kutoa faili lake rafu ya juu. Baba akabadilika uso.

"Dada, nimezidiwa?"

"Hujazidiwa. Ni utaratibu mpya, wote mnakaa pamoja."

"Wengine wakae. Mimi nirudishe chini."

Akamrudisha. Ni faili moja tu nyuma ya ndoo, na daktari anajua lilipo.