Folda Tupu ya Nyanjura

Nianze kwa kusema hivi: sinywi pombe, sikuwa na homa, na ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni, jua linawaka, soko la Mkuyuni limejaa watu. Kwa hiyo asije mtu kuniambia niliota. Nimechoka na watu wa kuniambia niliota.

Kazi yangu ni kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi. Nina chumba kimoja, kompyuta, deki ya kaseti kwa ajili ya wanaotaka nyimbo zao za zamani, na maiki ya kurekodia matangazo ya wauzaji, yale ya "sato wa leo, sato wa leo" mnayoyasikia kwenye spika. Mtaani wananiita Mama Folda, maana nagombana na yeyote anayechanganya nyimbo. Singeli ina folda yake, taarabu yake, Injili yake. Na juu kabisa ipo folda inayoitwa KINANDA SAFI. Ina albamu kumi. Ni pop ya vinanda vya umeme, ile ya watu waliovaa wakapendeza: kinanda ndicho kinachoongoza, ngoma ni za mashine, mwimbaji hapigi kelele, na hakuna anayenihubiria. Nimezichagua kwa miaka. Ukitaka niongeze ya kumi na moja, nakuuliza ipi itoke, na hapo ndipo watu hununa wakaondoka.

Sasa akaja huyu mwanaume. Umri wangu au kunizidi kidogo, shati la samawati limepigwa pasi, lina mfuko wa kifungo kifuani. Akafungua kifungo, akatoa kaseti.

"Dada, nasikia una folda ya kinanda," akasema. "Naomba na mimi uniweke."

Nikacheka. Kila wiki nampata mmoja wa namna hiyo. Lakini siku hiyo nilikuwa na nafasi, nikaitia kaseti kwenye deki. Kinanda kikaanza peke yake, na kusema ukweli kilikuwa kizuri, sauti ya baridi, ngoma za mashine zinatembea chini polepole. Nikajikuta natikisa kichwa. Halafu wakaingia akina mama kama sita hivi, sauti za kwaya kabisa, zile za Jumapili asubuhi. Hasira zikanipanda. Nilijiona nimechezewa.

"Kaka, hii ni kwaya."

"Si kwaya. Wimbo wa mapenzi huo. Sikiliza maneno."

"Nasikiliza sauti. Hizi sauti ni za kanisani."

"Nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya, Musoma," akasema. "Hao ndio waimbaji niliokuwa nao. Wengine ningewatoa wapi?"

Hebu niambieni, hilo ni jibu? Mimi nimekaa miaka naipanga folda yangu, halafu mtu aniletee kwaya kwa sababu hakuwa na waimbaji wengine? Tukabishana. Yeye anasema kinanda ndicho kinachoongoza, kwa hiyo ina haki ya kuingia. Mimi nasema ukishaweka kwaya umeshatoka kwenye mpaka, nenda Injili. Anasema Injili nako wataikataa, haimtaji Mungu hata mara moja. Na alikuwa anaongea taratibu muda wote, jambo ambalo lilizidi kuniudhi.

Wimbo ulipoisha akasema, "Geuza upande wa pili. Huko hakuna kwaya, huko kuna mwanangu. Na kaseti ni hii hii moja, dada."

Nawajua hao. Kila msanii unayemkataa anakwambia ulichoacha kusikiliza ndicho kizuri. Nikabonyeza kitufe, kaseti ikatoka, nikamrudishia. Nikamwambia huo mmoja ulioingia kwenye kompyuta nitauweka kwenye MCHANGANYIKO, folda ninayotupia vitu visivyo na kwao, na ashukuru. Akaitazama kaseti, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo vizuri, akatoka bila kuaga.

Ndipo nikagundua maiki ilikuwa wazi, inarekodi tangu nilipomrekodia muuza samaki mchana. Nikasema ngoja nimsikilize tena, nicheke. Kelele za soko zipo. Wimbo upo. Mimi nipo, nafoka, nanyamaza, nafoka tena. Yeye hayupo. Neno lake hata moja halipo, na pale alipokuwa anajibu unasikia tu watu wa sokoni kwa mbali.

Mnaniuliza niliogopa? Niliogopa, ndiyo. Lakini niaminini, kwanza nilikasirika. Mtu aache mambo yake huko aliko, aje dukani kwangu mchana kweupe kunibishia mipaka ya muziki?

Jumatatu nikafungua kompyuta, wimbo wake umo ndani ya KINANDA SAFI. Nikaurudisha MCHANGANYIKO. Jumanne umo tena, nikautoa. Kompyuta hiyo haiguswi na mtu ila mimi, na funguo za duka nalala nazo. Jumatano nikaurudisha huku natukana. Alhamisi umo vilevile, nikachoka, nikaacha uendelee kupiga kwenye spika za nje, baada ya ile albamu ya kumi. Na sikutaka kukiri, lakini haukuiaibisha.

Hapo akaingia binti mmoja mwenye saluni Ilemela, amekuja kujaziwa flashi. "Shikamoo mama," akasema. Alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Mama, umeupata wapi?"

Nikamuuliza baba yuko wapi. Akanieleza kwamba alikuwa mpiga kinanda wa kwaya, Musoma, na alirekodi kaseti usiku kwa siri na baadhi ya akina mama wa kwaya. Viongozi wakajua. Wakamwambia achague, kinanda cha kanisa au muziki wa dunia. Aliogopa kufukuzwa, akaificha kaseti, hakuipiga tena hadi alipokufa.

"Mama yangu akasema aende na kitu chake," binti akasema. "Mimi ndiye niliyeiweka kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikafunga na kifungo ili isidondoke."

Nikatafuta kiti.

"Na upande wa pili unao?" akauliza. "Aliniambia kuna wimbo una jina langu. Nyanjura. Alisema nikikua nitausikia."

Mimi nina hasira, kila mtu Mkuyuni anajua. Niliwakasirikia wale viongozi waliomchagulisha mtu kama vile kinanda kina dini. Nikamkasirikia na yeye mwenyewe: ametoka mbali kiasi hicho, alishindwa nini kuniambia ametoka wapi? Ningegeuza mara mia. Lakini aliniambia. Alisema huko kuna mwanangu, akasema kaseti ni hiyo moja. Aliyebonyeza kitufe ni mimi.

Nikamweleza yule binti yote, bila kuficha. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ulikuwa na haraka, mama?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa na folda."

Huu ni mwaka wa tatu. KINANDA SAFI sasa ina albamu kumi na moja, na ya kumi na moja ina wimbo mmoja. Nyanjura anao kwenye saluni yake. Kila Jumamosi saa kumi nawasha deki, naiacha wazi, simhudumii mtu kwa nusu saa, na wateja wakinung'unika nawaambia waende kwingine. Kaka hajarudi. Na kila flashi inayotoka kwangu naiwekea folda moja tupu, nimeiita NYANJURA, kwa sababu mtu aliyeweza kuhamisha wimbo mara nne ndani ya kompyuta yangu, sijui atapita wapi safari nyingine.

Kwa hiyo wewe mwenye flashi iliyotoka Mkuyuni, ukikuta folda tupu yenye jina hilo, usiifute. Siku ukikuta imeingia kitu, usikisikilize, si chako. Niletee nimpelekee mwenyewe. Na usithubutu kuniambia ni muziki wa aina gani.