Maji Chini ya Chumba cha Mavyaa

Mwaka tulioletewa lami na mtaro wa maji machafu, mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alianza kumwitikia mtu tusiyemwona.

Nilipoolewa, mtaa wetu nje ya Michenzani ulikuwa mashamba ya mihogo. Nyumba zikaota upesi kuliko njia. Kila masika vyoo vilifurika, tukivuka uchochoro juu ya matofali. Katapila lilipofika, tulipiga vigelegele.

Siku ya tatu ya uchimbaji, baada ya adhuhuri, nakuna nazi uani, nikamsikia chumbani kwake: "Naam!"

Nikaingia. Amekaa kitandani, kichwa kainamisha.

"Nani kakuita, mama?"

"Yuko chini. Toka asubuhi ananiita."

Nikamwambia ni katapila. Lakini katapila lilikuwa limezimwa, mafundi wanakula. Nikapiga magoti, nikaweka sikio sakafuni. Saruji ilikuwa baridi mno. Mara nikasikia sauti nzito, ya kuvuta, kama mtu anayepumua ndani ya mtungi.

Nikamkimbilia msimamizi wa mafundi. Alikuja na nondo, akicheka. Alipogonga katikati ya chumba, sakafu ikalia kama ngoma, kicheko kikamkauka. Akagonga tena, polepole, huku akirudi nyuma.

"Mtoe mama. Sasa hivi. Msichukue kitu."

Mavyaa akagoma. "Siondoki, nnaitwa."

"Itikia uani, mama," nikasema, nikamshika kwapani.

Asubuhi yake sakafu ikaanguka, na kitanda kikazama nayo. Chini palikuwa na kisima cha mawe cha wenye shamba wa zamani, kilichofunikwa kwa mbao na udongo. Aliyetuuzia kiwanja hakututajia. Msimamizi alieleza kwamba mtaro uliyakata maji yake, yakawa yanashuka, na hewa ikivutwa kwenye nyufa. Nilimwamini.

Kisima kikajazwa kifusi, mtaro ukapita, lami ikamwagwa. Masika yaliyofuata tulitembea na viatu safi.

Siku moja nikimsuka mavyaa nywele, nikamuuliza ile sauti aliidhania ya nani.

"Yako," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiniita."

Nikamaliza kumsuka. Chumba kile tumekipiga zege jipya, tumeweka magunia ya mchele na baiskeli ya mume wangu. Wageni wakija, tunawatandikia ukumbini.