Mgonjwa Aliyekufa kwa Heshima

Tangu nilipopangiwa kazi Kibondo, nilijitambulisha kwa watu kuwa mimi ni bingwa mtarajiwa wa upasuaji wa mapafu. Neno "mtarajiwa" nililitamka kwa sauti ya chini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimehitimu juzijuzi, koti langu jeupe lilikuwa bado na mikunjo ya dukani, na kifua pekee nilichowahi kukipasua mwenyewe kilikuwa ndoo tupu ya rangi.

Ndoo hiyo niliitoboa matundu ubavuni, nikaweka simu ndani iwe kamera, na chini yake nikalaza mapafu ya mbuzi. Nilikuwa najifunza upasuaji wa matundu madogo. Katika upasuaji huo daktari hafungui kifua chote. Anapitisha kamera na vyombo virefu vyembamba katikati ya mbavu, kisha anafanya kazi macho yakiwa kwenye skrini. Mkono ukienda kulia, ncha ya chombo huko ndani inakwenda kushoto, kwa hiyo wiki za mwanzo nilifanikiwa zaidi kuipasua ndoo. Muuza nyama alidhani nayala yale mapafu. Alinishauri kwa upole niyachemshe vizuri na nitafute mke.

Ndipo Daktari Niyonzima akaja Kasulu. Huyu ni mpasuaji wa kifua, mzaliwa wa Kakonko, Muha mwenzangu, na alileta mashine ya mazoezi: kifua cha plastiki kilichounganishwa na kompyuta. Humo hamna mtu, lakini ukikosea damu inajaa kwenye skrini na mapigo ya moyo yanashuka. Alikuwa anatafuta daktari mmoja tu wa kwenda Dar es Salaam kusomea upasuaji huo. Wagonjwa wetu wa kifua tunawapeleka hadi Mwanza, na wengine wanakata tamaa kabla hata ya kupanda gari. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Mama yangu, Bi Kuruthumu, ambaye anauza vitenge sokoni Kasulu, hakuona sababu ya kusubiri mtihani ndipo atangaze matokeo. Nilipofika mjini wauza vitenge wote walikuwa wananiita Daktari wa Mapafu. Nilipaswa kuwarekebisha. Badala yake niliwapungia mkono.

Asubuhi ya mtihani niliingia hospitalini nikiwa nimejaa maarifa. Kamera aliishika Chantal, muuguzi Mkongomani anayefanya kazi katika zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kazi yangu ilikuwa kuutenga mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye pafu, kuubana kwa klipu, kisha kuukata. Mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kumweleza Chantal ninachofanya, kana kwamba ndiye aliyekuja kujifunza.

"Dokta, angalia kazi," alisema. "Mimi naona, niko na macho."

Nilikuwa nimeushika mshipa kwa mkono wa kushoto, na klipu iko tayari mkono wa kulia, mlango ulipofunguliwa. Akaingia Mzee Athanase, anayetunza bustani ya pale, amevaa koti na kofia.

"Mwakeye!" alinisalimia kwa Kiha.

Kwetu Uha mzee hasalimiwi huku mikono ikiwa na shughuli. Unaweka chini ulichoshika, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, ndipo unaitika. Nililelewa hivyo tangu sijajua kutembea sawasawa. Basi nikaachia vyombo vyote viwili, nikamgeukia, nikainama, nikapiga makofi na kumuuliza habari za nyumbani, za mifugo na za mvua.

Nyuma yangu mashine ilianza kulia.

Nilipogeuka, skrini yote ilikuwa nyekundu. Chombo cha kushoto kilikuwa kimeanguka na kuuchana mshipa. Nilivikamata vyombo tena, lakini kwa haraka ile kila nilipotaka kwenda kulia nilikwenda kushoto. Mapigo ya moyo yakafika sifuri.

"Mgonjwa amekufa," alisema Daktari Niyonzima. "Lakini amekufa kwa heshima."

Chantal alikuwa ameinamia kamera, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Dokta! Weye unaacha mutu akufe juu ya kusalimia?"

"Sikumtarajia mzee," nilisema. Ulikuwa utetezi wangu wote baada ya miaka yote ile ya chuo kikuu.

"Nilimtuma mimi," alisema Daktari Niyonzima. "Chumba cha upasuaji hakikosi mtu wa kufungua mlango. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi niliachia vyombo hivyohivyo, na mwalimu wangu hakuelewa kwa nini. Rudi kesho. Ukiachia tena, nafasi nampa mwingine."

Mchana huo nilihamishia ndoo niliyokuja nayo dukani kwa Mama, nikaiweka juu ya meza katikati ya vitenge. Nilimwomba kila mteja anisalimie. Mimi ningeitika kwa mdomo tu, macho yangu yakibaki kwenye simu. Nilidhani ni mpango mzuri. Mteja wa kwanza, Mama Adija, alinisalimia, akangoja, akanisalimia tena.

"Kuruthumu," alisema, "huyu ndiye daktari uliyetusumbua naye? Hata salamu haijui!"

"Anajifunza," alisema Mama, akitazama pembeni.

"Anajifunza kuacha adabu? Hilo halihitaji chuo, vijana wengi wanalijua bure."

Wateja walipungua. Mama aliniambia niihamishie ndoo yangu uani, na tangu hapo hakunisemesha mpaka chakula kilipoiva.

Kesho yake nilivishika vyombo kwa nguvu hadi vidole vikauma. Mzee Athanase aliingia tena, safari hii na rafiki yake, wakanisalimia wote wawili. Niliitika bila kugeuka. Mgongo uliinama wenyewe, sikuweza kuuzuia, lakini mikono ilibaki mahali pake. Nikaufikia mshipa, nikaushika, nikaipeleka klipu polepole.

Mlango ukafunguliwa tena.

"Twalibu, mwanangu, mwakeye!"

Alikuwa Mama. Alikuwa ameniletea chakula, na Daktari Niyonzima alimkaribisha ndani bila kumweleza lolote. Nilikuwa nimejiandaa kwa wazee wote wa Kasulu. Huyu sikumjumuisha.

"Shikamoo, Mama," niliiambia skrini.

Kisha akasema kwa sauti ndogo niliyoizoea tangu utotoni, ile inayotangulia maumivu: "Twalibu. Ni mimi."

"Nakusikia, Mama. Siwezi kugeuka."

Picha ilianza kutikisika. Chantal alikuwa anamtazama Mama kwa huruma.

"Chantal, kamera," nilisema.

Picha ikatulia. Klipu ikabana. Niliweka ya pili, nikakata katikati ya hizo mbili, na hakukuwa na hata tone la damu. Daktari Niyonzima alinifanya nisubiri mpaka ahakikishe mshipa hauvuji, ndipo akasema, "Weka vyombo chini. Utakwenda Dar."

Niliviweka chini, nikaenda moja kwa moja kwa Mama. Nikainama, nikapiga makofi, nikamsalimia salamu ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, bila kuruka hata kuku wake. Alikuwa bado amekumbatia hotipoti.

"Huko Dar unakokwenda," aliuliza, "wanasalimiana kama vile ulivyonisalimia mimi mwanzo, umenipa mgongo?"

"Wakiwa kazini tu, Mama."

"Na huyo mgonjwa wako?"

"Amepona."

Alikitazama kile kifua cha plastiki, akaitazama kompyuta, akaamua kutouliza zaidi. "Kaa ule," alisema.

Tuliporudi sokoni alimwambia Mama Adija kwamba mwanawe amemwokoa mtu aliyekuwa katika hali mbaya sana, na kwamba madaktari wakubwa walisimama pembeni wakitazama tu. Habari ya salamu hakuigusa. Mama Adija alinigeukia aone kama ni kweli. Nilikuwa namalizia hotipoti, wali umo mdomoni, na nilihakikisha haumaliziki upesi.