Agano la Kale na Mche wa Mchungwa

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limelala kama nguo ya sandukuni. Watu walimwita Agano la Kale. Waliomheshimu walimwita hivyo akishapita, na wasiomheshimu walimwita akiwa anasikia.

Jina hilo alilitunga aliyekuwa mume wake. Walioana kwa makubaliano ya wazee wa pande mbili, bila pete wala madhabahu, wakakaa miaka ishirini na miwili, wakapata binti mmoja. Kisha mume akaokoka, akafanywa mzee wa kanisa, na siku moja akagundua kwamba ndoa isiyofungwa kanisani si ndoa. Ugunduzi huo ulimjia wakati uleule alipoizoea sauti ya mama mmoja wa kwaya. Akafunga naye ndoa kanisani, mchana kweupe, kwa vigelegele. "Ile ya kwanza ilikuwa agano la kale," aliwaambia watu mlangoni. "Sasa niko kwenye agano jipya." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mke wa kwanza alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Alitoka na nguo zake na kisu chake. Kitalu cha miche alichokianzisha nyuma ya nyumba, kwa mbegu za limau alizozipanda kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, kilibaki kule, na yule mke mpya akawa anakimwagilia. Yeye akaajiriwa kwenye kitalu cha watu, akapewa chumba kimoja kando ya pampu ya maji. Huko ndiko alikoishi, na huko ndiko alikojifunza kutomwamini mtu. Mtu akimsalimu kwa furaha, alijiuliza anataka nini. Mtu akimletea zawadi, aliigeuza chini juu.

Kazi yake ilikuwa kupandikiza. Unaotesha mlimau, kwa sababu mlimau una mizizi migumu. Unangoja shina lifike unene wa penseli. Unalikata, unalipasua kidogo, unachomeka kijiti cha mchungwa mtamu, unafunga kwa utepe wa plastiki, unasubiri. Mwezi ukipita, kijiti kinachipua. Mikono yake ilikuwa na makovu membamba kama mistari ya daftari, ingawa daftari lenyewe hakuwahi kulisoma. Shule ilimpita kando.

Jumapili moja, wiki ya mwisho kabla ya harusi ya binti yake, aliketi kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Mwinjilisti alikuwa mgeni, kijana mwembamba aliyehamia pale miezi miwili tu iliyopita. Kabla ya ibada kuanza, Agano la Kale alimwona mzee wa kanisa, yule aliyekuwa mume wake, akimsogelea kijana yule, akimnong'oneza, akimpa karatasi iliyokunjwa mara nne. Masikio yakamsimama.

Na mahubiri yakawa yapi? Yakawa Israeli.

"Mungu alikuwa na mke wa kwanza," Mwinjilisti alisema. "Jina lake Israeli. Alimpenda, akamtoa Misri, akamlisha jangwani. Lakini mke yule akawa mkaidi. Mungu akamwacha, akachukua mke mpya, ambaye ni kanisa. Ndiyo maana tuna agano la kale na agano jipya!"

Mabenchi yote mbele yake yaligeuka. Si kwa pamoja. Kichwa kimoja, halafu viwili, halafu kofia moja ya njano. Mtu akakohoa kicheko. Mke mpya wa mzee wa kanisa alitazama magoti yake.

Mwinjilisti akafungua barua ya Paulo kwa Warumi, sura ya kumi na moja, akasoma habari za mti wa mzeituni ambao matawi yake mengine yalikatwa. Akaishia hapo. Sasa, mtu asiyejua kusoma huwa anajua jambo moja ambalo wasomaji hawalijui: anajua uso wa mtu anayesoma. Agano la Kale aliona macho ya kijana yakiendelea kuteremka ukurasani, mstari hadi mstari, huku mdomo umefungwa. Halafu akafunga kitabu.

"Kuna kitu kimefichwa huko chini," alijiambia. "Na aliyelipia kifichwe namjua."

Jioni ile binti yake alikuja kitaluni. Alisimama kati ya matuta akichezea ncha ya khanga.

"Mama, baba amepanga viti vya Jumamosi. Amesema mbele kutakuwa na viti viwili vya wazazi."

"Vizuri. Cha kwake na cha kwangu."

"Amesema yule ndiye mke wa kanisani. Amesema wewe ukikaa mbele utachafua maana ya ibada. Na sasa hata Mwinjilisti amefundisha..."

"Wewe unasemaje?"

"Mama, mimi nataka siku ipite salama tu."

Mama aliendelea kufunga utepe, mikono ikaukaza mno, shina likavunjika.

Jumatatu asubuhi aliazima Biblia kwa jirani. Hakwenda kwa mtu wa kanisani, kwa sababu wa kanisani wote wangeweza kuwa wameshapangwa. Alikwenda kwanza kwa fundi viatu wa njia panda, mtu ambaye hakuwa ameingia kanisani tangu abatizwe.

"Nisomee hapa. Warumi, kumi na moja. Yote."

"Shemeji, umeokoka tena?"

"Soma, acha maneno."

Fundi viatu akafuta gundi kwenye vidole, akasoma. Paulo anauliza kama Mungu amewatupa watu wake, na anajibu mwenyewe kwamba haiwezekani. Matawi mengine yalivunjika, ndiyo, lakini sisi mataifa, tusio Wayahudi, ni tawi la mzeituni wa mwituni lililopandikizwa kwenye shina lisilo letu. Tusijivune, maana shina ndilo linalotubeba, si sisi tunaolibeba. Na yale yaliyokatwa, Mungu anaweza kuyapandikiza tena. Na alichowapa Mungu watu wale pamoja na mwito wake, hakijutii.

"Rudia hapo pa shina."

Akarudia. Agano la Kale akamtazama macho. Yalikwenda sawa na mdomo.

Hakuridhika. Fundi viatu huenda ana chuki na wazee wa kanisa, akatia chumvi. Akaenda kwa dada wa duka la dawa, ambaye alikuwa wa dhehebu lingine kabisa. Akasoma yaleyale, akisimama mara moja kumuuzia mtu dawa ya kikohozi. Jumanne akaenda kwa mwalimu mstaafu, ambaye hakuwa na maelewano na fundi viatu, kwa hiyo wasingeweza kula njama. Mwalimu naye, kwa sauti ya kuliamrisha darasa, akasoma yaleyale.

"Mbona unanisomesha kama unanitega?" mwalimu aliuliza.

"Ninakutega," alisema. "Umepita."

Jumatano kulikuwa na darasa la Biblia kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Watu kama ishirini, viti vya plastiki, ubao, mzee wa kanisa amekaa mbele mguu juu ya mguu. Agano la Kale aliingia na kitu kimefunikwa kitambaa, akakaa, akakipakata. Mwinjilisti alipouliza kama kuna mwenye swali, akakifunua. Ulikuwa mche kwenye kopo.

"Mwinjilisti, huu ni mti gani?"

"Mchungwa, mama."

"Wote?"

Kijana akautazama. "Si majani ni ya mchungwa?"

Mama mmoja nyuma akacheka kwa pua. Agano la Kale akaweka kidole kwenye kovu la shina. "Kuanzia hapa kwenda chini ni mlimau. Hiki kijiti cha juu tu ndicho mchungwa. Sasa wewe Jumapili ulisema Mungu alimng'oa Israeli akapanda kanisa. Haya, shika. Ng'oa shina, kijiti kibaki."

"Mama, kitakufa."

"Ndiyo. Keshokutwa mchana kitakuwa kuni."

Watu wakaanza kuelewana kwa macho. Mwinjilisti alikuwa amepakata kopo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Bwana Yesu alizaliwa kabila gani?" Agano la Kale akauliza.

"Myahudi, mama."

"Na mama yake? Na mitume? Na huyo Paulo?"

"Wayahudi."

"Sasa mimi nimepandikiza miaka ishirini na nane. Hakuna fundi anayechukua kijiti cha mwituni akakiweka juu ya shina zuri. Ningefanya hivyo ningefukuzwa kazi siku hiyohiyo. Lakini nimesomewa, na watu watatu wasiopendana, kwamba Mungu alifanya hivyo. Alichukua vijiti vya mwituni, ndio sisi, akavichomeka kwenye shina la Israeli. Mbona hukusoma hapo? Macho yako yalisoma. Mdomo ukafungwa. Nani alikuambia uufunge?"

Mzee wa kanisa akashusha mguu.

"Hili ni darasa la Biblia," alisema, "si kitalu. Na mambo ya ndoa zilizokwisha yasiletwe hapa."

Agano la Kale akamgeukia taratibu. "Nani ametaja ndoa?"

Feni ilizunguka. Yule mama wa nyuma akasema, "Eeh, hajataja," na mwingine akamwambia nyamaza wewe, naye akasema nanyamaza vipi wakati hajataja?

Mwinjilisti alifungua kitabu, akasoma sura yote tangu juu mpaka chini, bila kuruka. Alipofika pale pa kutojivuna, sauti ilimpungua kidogo. "Nilisoma nusu," alisema. "Ndivyo nilivyofundishwa, na sikujiuliza. Israeli hakutupwa. Sisi ndio tuliokaribishwa."

"Na yale matawi yaliyokatwa?" mtu akauliza. "Yamekauka."

Hapo Agano la Kale akasita. Swali hilo lilikuwa limemsumbua siku mbili, kwa sababu alijua kijiti kikilala juani saa tatu tu hakishiki tena. Kisha akakumbuka kitambaa alichokuwa nacho magotini.

"Fundi akikata vijiti anavyotaka kuvitumia, havitupi chini," alisema. "Anavifunga kwenye kitambaa kibichi. Ukivitazama unadhani takataka. Ukikwaruza ganda, ndani ni kijani. Mimi sijui Mungu anafanya nini na watu wale. Ninachojua ni kwamba siwezi kusema wamekufa kabla sijakwaruza."

Darasa lilipokwisha, Mwinjilisti alimfuata mpaka kwenye bomba la nje, kopo bado mikononi.

"Mama, hakuna aliyenituma. Nilisikia wanakuita Agano la Kale nikadhani ni utani wa umri. Mahubiri yale nilikuja nayo kutoka chuoni."

"Na karatasi?"

Akaitoa ndani ya Biblia. "Ni ratiba ya harusi."

"Inasema mama wa bibi harusi ni nani?"

Akasoma. Lilikuwa jina la yule mwingine. Agano la Kale akanyoosha mkono. "Nipe. Nitasomewa na mtu mwingine."

Kijana akampa bila kununa. Kisha akasema, "Mama, ila tusichanganye. Wewe si Israeli. Na mume wako si Mungu."

Akaikunja karatasi. "Hilo la pili nimengoja miaka sita mtu aliseme."

Fundi viatu aliisoma karatasi kesho yake, na jina lilikuwa lilelile. "Kwa hiyo sasa unataka yule mwenzako ndiye akatwe?" alimtania.

"Sijasema akatwe. Anamwagilia miche yangu, na nasikia inaota. Nataka wakubali kwamba ina mizizi."

Jumamosi alivaa gauni lake la bluu, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Alikuwa amejiandaa kutoka. Mbele kulikuwa na viti viwili vyenye utepe mweupe, mzee wa kanisa kimoja, mkewe kingine. Binti alisimama na bwana harusi, shela imemfunika uso.

Mwinjilisti alishika ratiba mpya, aliyoiandika kwa mkono wake. "Kabla hatujaendelea," alisema, "karatasi niliyopewa mwanzo ilikuwa na kosa. Mama aliyemzaa bibi harusi yuko wapi? Naomba aje mbele."

Mzee wa kanisa akakohoa. Vichwa vikageuka, kama Jumapili ile, hata kofia ya njano.

Agano la Kale hakusimama. Mtego, alifikiri. Wananiinua ili waniangushe mbele ya watu. Akafanya alichozoea: akatazama macho. Ya mzee wa kanisa yalikuwa sakafuni. Ya Mwinjilisti hayakuwa kwenye karatasi, yalikuwa kwake, na mdomo ulikuwa umesema kila kilichokuwamo. Binti alikuwa ameinua shela kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama," alisema, kwa sauti ya mtoto anayeita kutoka chumba cha pili. "Njoo basi."

Akaenda. Njia ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Alipofika, mke mpya alikuwa ameshasimama. Alikuwa amevuta kiti cha tatu kutoka kwa wanakwaya, akahamia hicho, na kile chenye utepe akakiacha wazi.

Agano la Kale hakukaa mara moja. Alikishika kiti mgongo, akakitikisa kidogo, huku na huku, kuona kama miguu yote minne ni mizima. Watu wakasubiri. Alipohakikisha, akakaa.