Miguu Ambayo Televisheni Haikuonyesha

Mimi nilikuwa na miguu, na nilijua. Sijisifu, nasema tu kama seremala anavyosema ana randa. Kwenye harusi zote za kwetu, mpakani upande wa Uganda, kuanzia Masinya mpaka Lumino, nikiingia uwanjani wenzangu walisogea kando wenyewe. Kwa hiyo bendi moja ya upande wa Kenya ilipotangaza kwamba inatafuta mchezaji mmoja, mwanamume au mwanamke, nilijiona nimeshavaa sare yao. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Sharti lilikuwa moja. Kiongozi wa bendi alitaka mtu wa kucheza kama yule mwimbaji wa roki wa Marekani aliyekuwa akivuma redioni. “Kuimba nitaimba mwenyewe,” alisema. “Mimi nataka miguu yake.” Sauti ya mwimbaji tuliijua wote. Miguu hakuna aliyekuwa ameiona. Majaribio yangefanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa Busia.

Mama aliniruhusu shingo upande. Yeye hakuwa mtu wa ngoma, au tuseme alikuwa ameacha kuwa. Mimi nilizaliwa pacha. Kwetu mapacha wakizaliwa, ukoo wa mume na ukoo wa mke hukutana na kutukanana kwa nyimbo, matusi ya nguoni kabisa, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mama wa mapacha ndiye anayeanzisha ngoma. Ndugu yangu alifariki siku mbili kabla ya sherehe. Wageni walirudi makwao na pombe ikabaki kwenye mitungi. Tangu siku hiyo Mama hakucheza tena, hata kwenye harusi ya mdogo wake, na jina langu la pacha hakulitamka. Aliniita kwa jina la ubatizo tu. Hatua za ngoma ile nilijifunzia kwenye nyumba za watu wengine.

Aliniambia niende, lakini watu wakinicheka, Jumatatu nitapelekwa Kisoko kwa shangazi nikalime. Mama hakuwa mtu wa kutishia bure.

Mjomba wangu alikuwa mpishi katika klabu moja ya Tororo, na klabu hiyo ilikuwa na televisheni. Alinitumia habari kwamba Jumatano jioni wangeonyesha filamu ya zamani ya mwimbaji yule, ya enzi alipoanza kutokea kwenye televisheni huko kwao. Nilipanda basi. Wakubwa walikaa kwenye viti, sisi wa jikoni tukabanana kwenye dirisha la kupitishia chakula.

Akatokea. Nywele ziking'aa mafuta, mdomo kaupinda upande mmoja kama mtu aliyeonja ndimu. Akaanza kuimba, mabega yakatetemeka, wasichana wa kwao wakapiga mayowe. Mimi nikatazama chini nione miguu. Picha iliishia kwenye mkanda wa suruali.

Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba wapiga picha walifanya makusudi, maana wazee wa kwao waliona aibu. Sisi nani angetuambia? Tulidhani televisheni imewekwa vibaya.

“Nyinyi nainua hiyo kitu!” alipiga kelele mwosha vyombo. “Miguu nabaki chini!”

Wahudumu wawili waliinua televisheni wakaiweka juu ya makreti ya bia. Picha bado iliishia kwenye mkanda ule ule wa suruali. Mjomba wangu, mtu mzima na aproni yake, alilala kifudifudi sakafuni achungulie kwa chini. Nami nilichuchumaa kando yake, siwezi kukana. Wakubwa walicheka mpaka wimbo ukaisha, na mwimbaji akainama kuaga tukabaki kumwona utosi.

Kwenye basi la kurudi sikulia. Nilifikiri. Mabega hayadanganyi, anayejua kucheza akiona mabega anajua chini kunafanyika nini. Na mabega yale nilikuwa nimeyaona, yakitetemeka, yakikatika ghafla, yakianza upya. Yalikuwa ya mama wa mapacha akianzisha ngoma. Basi miguu nayo ilikuwa ile ile, niliamua, na nililala usingizi mzuri.

Jumamosi Mama alinisindikiza hadi ukumbini, na vijana watano walinitangulia. Mmoja alirukaruka kama chura. Mimi niliingia na suruali ya mjomba, mdomo nimeupinda, nikawapa ngoma ya mapacha yote, kuanzia kiunoni mpaka kwenye vidole. Ukumbi ulilipuka. Kiongozi wa bendi alikuwa ameshaanza kutabasamu, ndipo akasimama karani mmoja kijana aliyetoka Nairobi.

“Mimi nimemwona huyo kwenye sinema, mzima mzima,” alisema. “Hiyo si miguu yake hata kidogo.”

Kiongozi akanigeukia. “Dada, hiyo miguu umeitoa wapi?”

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Niliogopa, nasema wazi. Niliona shamba la Kisoko na jembe limeegemezwa ukutani linaningoja.

Kwenye benchi la wanawake Mama akasimama.

“Kweli, si yake,” alisema. “Hiyo miguu yangu. Mimi nazaa mbili.”

Akafunga leso kiunoni, akaingia katikati na kuanza kumwimbia karani yule matusi, moja baada ya lingine, kuhusu mkwewe ambaye hata hakuwa naye bado. Wanawake wa kwetu wakamwitikia. Mpiga ngoma wa bendi akatafuta mdundo mpaka akaupata. Mama alicheza huku machozi yakimtiririka na matusi hayakatiki, nami nikimfuata nyuma hatua kwa hatua. Karani alicheka hadi akaketi chini.

Nafasi niliipata, na nilikaa na bendi ile miaka minne. Baadaye nilimwona mwimbaji wa Marekani kwenye sinema, mzima mzima, na karani alisema kweli. Miguu yake si mibaya. Ya Mama ilikuwa bora.

Jumatatu asubuhi nilimsikia Mama akiniita uani, niende kisimani. Aliniita kwa jina langu la pacha. Niliitika mara mbili.